Nilimwita Fundi Bomba

Hodi ile niliyowaacha nayo wiki iliyopita haikuwa ya jirani.

Kwa wewe unayenikuta njiani leo, nikupe kwa ufupi ili twende pamoja. Mume wangu alikuwa mpimaji ardhi wa serikali. Alistaafu, akaionja pensheni yake kama mtu anayeonja mchuzi kwa ncha ya kijiko, akafariki. Nikabaki na pensheni ya mjane na binti yetu, mtu mzima sasa, tunayemwita Jaji kwa jinsi alivyozoea kutoa hukumu tangu akiwa mdogo. Homa ya uti wa mgongo ilimnyang'anya miguu na mkono mmoja kabla hajaacha ziwa, kisha ikamwachia kifafa. Pensheni ile ndiyo dawa zake. Halafu presha ikanipanda, daktari akanituma kwenye mazoezi ya wastaafu, na huko nikakutana na mwanamume. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, akaapa kwamba siku mwanamume huyo atakapokanyaga nyumba ya kaka yake, serikali itajua, na mjane akiolewa pensheni hukatwa.

Basi. Hodi ilipigwa asubuhi, na mwanamume mwenyewe alikuwa jikoni kwangu, hana shati.

Bomba la sinki lilikuwa limepasuka likamwogesha. Shati limeanikwa dirishani, yeye yuko magotini na spana mkononi. Ndiyo kweli yenyewe. Lakini nani ataamini maelezo ya mjane mwenye mwanamume kifua wazi jikoni saa ya chai?

"Pumzi, usitoke," nikamnong'oneza.

Pumzi ni jina tulilompa sisi wastaafu. Zamani alikuwa mkufunzi wa gwaride magereza. Siku hizi gwaride lake ni sisi, wazee tunaolia magoti kama bawaba zisizotiwa mafuta. Kila asubuhi hutusimamisha mstari na kutuambia: "Vuta pumzi. Shikilia. Achia taratibu, hakuna anayekukimbiza."

Nikafungua mlango. Mwanamke wa makamo, kitambulisho cha ofisi ya pensheni kinaning'inia shingoni. Nyuma yake shemeji, amevalia kama anayekwenda kuposa.

"Shikamoo, mama," akasema yule afisa. "Tumepata taarifa kwamba umeolewa."

"Nimeolewa na nani?"

"Ndilo tulilokuja kuuliza."

Jikoni spana ikaanguka. Ikalia sakafuni kama sahani.

"Nani yuko huko?" akauliza afisa.

Nafasi ya kusema kweli niliipata. Ilikuwa pale, mbele ya ulimi. Lakini nilimwona Jaji kwenye kiti chake cha magurudumu pembeni ya meza, na chupa yake ya dawa iliyokuwa inakaribia kwisha, na mdomo ukanitangulia.

"Fundi bomba," nikasema.

Pumzi akatoka. Alikuwa ameshavaa shati, limemganda mwilini. Akanitazama. Wapendwa, nimeshatazamwa kwa hasira, nimeshatazamwa kwa huruma, lakini sijawahi kutazamwa vile. Kisha akaitikia kwa kichwa.

"Naam," akasema. "Fundi."

Afisa akamwangalia kutoka juu hadi chini. "Maji yanatoka sasa, fundi? Nimetembea, nina kiu."

"Yanatoka."

Pumzi akageukia jikoni. Nasi sote tukamwona. Hakufungua kabati la kwanza, alifungua la pili, lile ambalo mlango wake lazima uuinue kidogo ndipo uvute. Hakuchukua glasi zetu za kila siku, alichukua ya wageni. Akaipangusa kwa kitambaa kinachotundikwa nyuma ya mlango. Akaacha maji ya bomba, akakinga ya kuchemsha kutoka kwenye ndoo iliyo chini ya meza. Akaileta juu ya kisosi.

Mkono wake ulifanya yote hayo wenyewe, bila kuuliza. Alipogundua, glasi ilikuwa imeshafika.

Shemeji akacheka kwa pua. "Fundi huyu anaijua nyumba kuliko mimi niliyezaliwa tumbo moja na mwenye nyumba."

"Baba mdogo," Jaji akasema polepole, maana maneno yake hutoka kwa kupandishwa mlima, "hata wewe ungeijua kama ungekuwa unakuja bila mashahidi."

Afisa akanywa maji yote. Hakuandika kitu. Akamshukuru fundi, akaniambia nifike ofisini kwake katikati ya wiki, wakaondoka.

Nikageuka. Pumzi alikuwa anakusanya vifaa vyake.

"Mwenzangu," nikaanza. Hivyo ndivyo tulivyoitana tangu tuliposhikana mikono mara ya kwanza, mwenzangu.

"Bomba limepona, mama," akasema, akapita pembeni yangu kama mtu apitaye nguzo.

Mama. Jina la heshima kabisa, nami nililipokea kama kofi.

* * *

Kesho yake nikaenda mazoezini nikiwa sikulala. Tunafanyia kwenye uwanja wa mabohari ya zamani ya serikali, kwenye sakafu ya saruji, kila mtu na mkeka wake. Kabla ya kuanza, muuguzi mmoja mstaafu hutupima presha. Alinifunga kile kitambaa mkononi, akapampu, akasikiliza, akapampu tena.

"Wewe leo hufanyi," akasema. "Kaa kwenye kiti unyoshe shingo tu. Presha yako imepanda ngazi na haitaki kushuka."

Nikakaa. Mbele yangu Pumzi anahesabu, wazee wananyanyua mikono na kuishusha. Mtu wa mwisho kulia, wa kwanza kushoto, wote aliwarekebisha mabega. Kwangu hakufika. Jicho lake lilikuwa linaruka kiti changu kama dimbwi.

Walipomaliza nikamfuata alipokuwa anakunja mikeka.

"Nisamehe."

Akaendelea kukunja. "Nilikaa getini magereza muda mrefu kabla sijapewa gwaride," akasema. "Mwanamke anakuja kumwona mfungwa, anaulizwa, huyu ni nani wako? Anaona haya, anajibu, jirani tu. Kumbe ni mumewe. Nilikuwa nawaonea huruma wafungwa wale. Sikujua na mimi nitaingia kwenye foleni hiyo, tena nikiwa huru."

"Ningefanyaje? Wakikata pensheni, Jaji atakunywa nini, maji?"

"Ningekuwa wewe ningesema hivyo hivyo. Ndiyo maana sikugomba." Akauweka mkeka chini. "Tuoane. Waachie pensheni yao, hii yangu itatulisha sote watatu. Mimi sihitaji kingine. Nataka siku nyingine mtu akibisha hodi, uniite kwa jina langu."

Moyo ukanifunguka. Nakwambieni kweli, kwa muda wa kama kupepesa jicho niliona maisha yangu yamenyooka.

"Samahani," sauti ikasema nyuma yetu. Alikuwa muuguzi, anaviringisha kitambaa chake cha presha. "Masikio hayana pazia. Wewe Pumzi, si umeshastaafu?"

"Zamani."

"Basi mke utakayemwoa leo hahesabiwi. Pensheni ya familia inamtambua mke uliyekuwa naye ukiwa bado kazini. Mimi niliolewa na mstaafu, tukapendana kama vijana. Tulimzika Jumamosi. Jumatatu nikaenda ofisini, nikaambiwa pensheni yake imezikwa pamoja naye." Akatia kifaa chake kwenye mkoba. "Sikuwaambia ili msioane. Nimewaambia msije mkasema hakuna aliyewaambia."

Akaenda zake.

Hesabu ikajifanya yenyewe kichwani mwangu. Nikiolewa, ya marehemu inakufa. Pumzi akitangulia, na yeye ni mkubwa kwangu, ya Pumzi nayo inakufa. Nitakuwa mjane mara mbili, na Jaji atakuwa yatima wa pensheni mbili.

Pumzi aliketi juu ya mikeka yake. Mtu wa gwaride yule, nikaona mgongo umempinda.

* * *

Katikati ya wiki nikaenda ofisini kwa afisa. Chumba kidogo, feni inazunguka bila kupuliza, mafaili hadi dirishani.

"Fundi hajambo?" akaniuliza. Hakucheka.

"Mama, mimi si mtoto," akaendelea. "Yule bwana si fundi. Lakini pia sina ushahidi kwamba ni mume. Kwa hiyo nimeisimamisha pensheni yako mpaka uchunguzi uishe. Sikuifuta. Nimeisimamisha. Kuna tofauti."

"Kwenye duka la dawa hakuna tofauti, mwanangu."

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni lake, akaivaa tena.

"Yule binti kwenye kiti. Ni wa marehemu?"

"Wa marehemu, na mimi ndiye niliyemzaa."

"Alipatwa lini?"

"Bado ananyonya."

Akaniinamia juu ya meza. "Mama, sikiliza. Sheria inasema mjane akiolewa, haki yake inakoma. Haisemi kwamba haki ya mtoto inakoma."

"Mtoto gani? Jaji ni mtu mzima."

"Mtu mzima aliyepata ulemavu utotoni na hawezi kujitafutia, kwetu sisi ni mtoto mpaka kaburini. Angeweza kupokea pensheni ya baba yake kwa jina lake mwenyewe, uolewe usiolewe. Hukuambiwa?"

Sikuambiwa. Siku ya kufungua madai niliulizwa kama nina watoto walio chini ya umri, nikasema sina, mhuri ukagongwa, nikaambiwa apite mwingine.

Nililia mbele ya yule mwanamke. Nililia bila kujificha uso, akaniletea karatasi za kujifuta akaziweka karibu na kiwiko changu. Nilimlilia Pumzi niliyemkana bure. Nililia kwa furaha pia, maana sasa kumbe mlango ulikuwepo miaka yote, ni mimi tu niliyekuwa nimeelekea ukutani.

"Inatakiwa nini?" nikauliza nilipopata sauti.

"Bodi ya madaktari imwone. Hilo si gumu. Halafu ndugu wa damu wa marehemu aje ashuhudie hapa, kwamba huyu ni mtoto wa ndugu yake na alipatwa angali mdogo. Na kama wewe unataka kuolewa, upande wa baba lazima ukubali nani atakuwa mlezi wa kumpokelea." Akasita. "Marehemu ana ndugu wangapi walio hai?"

"Mmoja."

"Yule aliyenileta?"

"Yule."

Afisa akashusha pumzi. "Pole, mama," akasema, na ikawa kama ananipa mkono wa msiba.

* * *

Nilipita nyumbani nikamweleza Jaji yote, nikamwambia aniombee, nikaenda kwa shemeji.

Ana duka la rangi. Nilimkuta anakoroga ndoo kwa kijiti kirefu, anatafuta kijani fulani cha mteja.

"Karibu, shemeji. Fundi hakukusindikiza?"

Nikalimeza hilo. Nikameza na mate. Nikamweleza alichosema afisa, neno kwa neno. Aliendelea kukoroga mpaka nikamaliza.

"Nitashuhudia," akasema.

Sikuamini. "Mungu akuweke, shemeji."

"Ila Jaji atahamia kwangu, na mlezi nitakuwa mimi."

Yaani jua lilichomoza na kuzama kabla sijafunga mdomo.

"Kumbe unachotaka ni pensheni," nikasema.

Akaacha kukoroga. "Unaniona mwizi. Kaka alipokuwa porini na vyombo vyake vya kupimia, nani alimbeba mtoto yule mgongoni kwenda shule? Mvua, jua, mimi. Na siku zake za mwisho kaka aliniita peke yangu. Akaniambia, mtoto wangu asije akalala chini ya dari ya mwanamume mwingine. Nilimbeba mtoto, sasa nabeba neno. Wewe kaolewe. Nani amekukataza?"

Na hapo ndipo niliposhindwa, wasomaji wangu, kwa sababu hakuwa anasema uongo. Kweli alimbeba. Ningemchukia kwa raha zaidi kama asingembeba.

"Akianguka kifafa usiku, nani ataamka?"

"Mke wangu."

"Mke wako alitupa kikombe alichonywea Jaji. Mbele yetu alikitupa, akaosha mikono."

Shemeji akatazama ndoo. "Atazoea."

"Na asipozoea?"

Akarudi kukoroga. Nikapiga magoti. Sakafu yote ilikuwa matone ya rangi yaliyokauka, yakaniuma. Nikamshika suruali. Nikamwambia nitamwita baba kama anataka, nitamfagilia duka, nitafanya lolote, aniache na mtoto wangu. Mteja wa kijani akaingia, akatukuta hivyo, akatoka bila rangi.

"Inuka, shemeji," akasema kwa sauti ya chini, na macho yake nayo hayakuwa makavu. "Unaniharibia biashara. Nilichosema nimesema."

Njiani nilikata shauri. Mshika mawili moja humponyoka, basi bora nichague mwenyewe la kuponyoka. Nitakwenda kwa Pumzi nimwambie yamekwisha. Nitakwenda kwa afisa nile kiapo kwamba sina mwanamume na sitakuwa naye. Pensheni ya mjane itarudi, Jaji atabaki chumbani kwake, na mimi nitazeeka nikinyosha shingo kwenye kiti.

Nilitembea kwa muda mrefu nikilia, mpaka kwenye kona ya nyumbani. Pale nikajifuta, nikatengeneza uso wa mtu anayeleta habari njema.

Jaji alikuwa sebuleni. Amevaa gauni lake la kutokea.

"Mwanangu, nimeamua," nikasema. "Mambo ya kuolewa basi."

"Ngoja, mama. Leo niamue mimi."

Ndipo nilipoliona begi. Lilikuwa kando ya gurudumu, limejaa, na mfuko wa dawa zake umefungwa juu yake.

"Hili ni la nini?"

"Nimempigia baba mdogo. Umetoka dukani kwake, simu yangu ikaingia. Nimemwambia aje anichukue leo."

"Unajua anachokitaka?"

"Najua. Ameniambia."

"Unajua mke wake anakuogopa?"

"Nitaogopwa. Nimeshaogopwa na wengi, mama, hawajafa wala sijafa." Akapumzika kidogo, shingo imemkaza kwa juhudi. "Wewe umemkana Pumzi, unasema kwa ajili ya Jaji. Baba mdogo amekushitaki, anasema kwa ajili ya Jaji. Marehemu naye kaburini, kwa ajili ya Jaji. Mtu mwenye pensheni ni mimi, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza. Mimi ni mzito, najua, umenibeba. Lakini sina uzito wa kuwaangusha wote hao."

"Sijawahi kusema wewe ni mzito."

"Hujasema. Hulali."

Nikainama kulifungua begi. Nilitaka kuzitoa zile nguo, nizirudishe kabatini moja moja, na yaishe. Nikavuta zipu.

Nguo zilikuwa zimekunjwa miraba sawasawa, pindo juu ya pindo, kola zimeelekea upande mmoja. Hivyo hukunjwa sare. Jaji, kwa mkono wake mmoja usiokaza ngumi, hawezi kukunja hata leso. Namjua mtu mmoja tu anayekunja nguo hivyo.

"Nani amekufungia begi?"

Akatazama dirishani.

"Jaji. Nani?"

"Nilimwomba aje. Alikataa. Nikamwomba tena."

"Pumzi alikuja hapa, nyumbani kwangu, akamfungia mtoto wangu begi ili aondoke, na mimi sipo?"

"Mama, alikuwa—"

Sikusikia alikuwa nini. Masikio yalikuwa yanavuma. Yule niliyekuwa tayari kumwacha kwa ajili ya binti yangu, ndiye aliyekunja magauni ya binti yangu. Kwa huruma yake? Kwa faida yake, ili nibaki peke yangu nimwangukie? Nilitafuta sura yake moyoni nimwulize, nikaikosa.

Nje, gari likafunga breki. Mlango wa gari ukabamizwa. Nyayo za shemeji nazijua.

"Hodi hapa."

Nikakimbilia mlangoni kabla hajafika. Nikasimama katikati, mikono nimeitandaza kutoka mwimo mmoja hadi mwingine.

"Haondoki mtu humu," nikasema.

Shemeji akasimama ngazini, kofia mkononi. "Mwenyewe ameniita, shemeji. Muulize."

Sikutaka kuuliza. Nyuma yangu nikasikia kiti kikisogea, polepole, kwa mkono ule mmoja, kikigonga mguu wa meza, kikirudi, kikisogea tena. Kikanifikia. Vyuma vya kuwekea miguu vikanigusa nyuma ya goti, taratibu, kama mtu anayekuamsha asikushtue.

"Mama," Jaji akasema. "Nipishe."